Fundi wa Ndoa za Kibali

Anajiita mshauri, na ukutani kwake pana cheti kimoja tu, cha udereva wa pikipiki. Kazi yake ni kuwafundisha wageni wasio na karatasi jinsi ya kuonekana wana ndoa, ili ofisa wa uhamiaji awape kibali cha kukaa. Mshona nguo, aliyefika na mumewe, alimtazama akiramba kidole kabla ya kufunua kila ukurasa, hata ule mtupu, na kusafisha koo kama hakimu. Yeye mshona nguo ni raia. Mumewe, mpiga pasi, si raia, na wakiboronga kwenye usaili wa kesho atarudishwa kwao. Ndiyo maana walivumilia. Mshauri alichomoa nyuma ya mlango mashati yake ya kuazimisha, ili picha atakazowapiga zionekane za siku tofauti.

“Sogeeni. Cheka, shemeji! Mke halisi humtazama mumewe kama ametoka safari. Wewe unamtazama kama kavunja sahani.”

“Kaivunja kweli, leo asubuhi. Bwana, sisi ni mke na mume wa kweli. Huyu niliyempakata ni mtoto wetu.”

Mshauri akavaa miwani, akamkagua mtoto tangu utosini hadi unyayoni, akamlinganisha na baba, akamlinganisha na mama, kisha akaramba kidole.

“Mtoto mzuri sana,” alisema kwa huruma, “ila kwenye pua hapo ofisa atawashtukia. Kesho mwacheni nyumbani. Ninaye mmoja anayefanana nanyi zaidi.”