Mkeka Uliofungua Mlango wa Mwisho

Mimi si muongo. Nianze na hilo, kwa sababu kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Kivinje kuna mtu amekuwa akinyanyua kikombe chake cha kahawa barazani na kuwaambia watu kwamba mimi ni muongo. Mtu huyo ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Nyumba yake na yangu zinatazamana. Katikati ni mchanga na kuku.

Ugomvi wenyewe ni wa gemu. Cheka tu, ukimaliza endelea kusoma.

Marehemu alikuwa akipeleka ng'onda, samaki wa kukaushwa, Dar. Safari moja, badala ya kurudi na doti ya kanga, akarudi na mashine ya gemu. Nikaigeuza juu, nikaigeuza chini, nikamwuliza, "Hii inapikwa au inavaliwa?" Akacheka, akaifunga kwenye televisheni yetu ya chogo iliyokuwa ikila betri ya gari. Kaseti yake ilikuwa moja tu. Ndani yake kulikuwa na kijitu kilichoshika taa, kinapita kwenye ngome yenye milango thelathini, na kila mlango una mlinzi wake. Mwingine nyoka, mwingine jiwe linalotembea, mwingine ndege mwenye kisirani kuliko wifi zangu wote.

Mimi sikuigusa. Nilikuwa na kazi zangu. Lakini msimu ule nikateleza kwenye mawe pwani nikichokoa pweza, mguu ukavunjika, nikafungwa plasta miezi miwili. Mwanamke aliyezoea kutoka alfajiri, leo anakalishwa sebuleni kama mtungi. Mikono ikabaki na kazi mbili: kusuka ukili wa mikeka, na gemu. Nikichoka huku nahamia kule. Marehemu akirudi safari ananikuta ukindu mapajani na pedi ya gemu mkononi, anatikisa kichwa, anakwenda kuoga.

Sasa sikiliza, hapa ndipo penye mambo. Mashine ile ilikuwa haina kumbukumbu hata ya kuku. Ukiizima, imesahau kila kitu. Ila kila ukimshinda mlinzi, inakuonyesha ubao: mistari mitano, kila mstari vyumba vitano, baadhi ya vyumba vina nukta nyekundu. Kesho ukitaka kuanzia pale ulipoishia, lazima uzipange nukta vilevile. Ukikosea moja, unarudi mlango wa kwanza na nyoka wako.

Mimi niliishia darasa la pili. Ingekuwa herufi za Kizungu ningeshindwa. Lakini nukta nyekundu kwenye vyumba vyeupe! Hiyo si ndiyo kazi yangu? Na karatasi nyumbani kwangu haikai, ikinusurika na mende itafungiwa karanga. Kwa hiyo siku nilipomshinda mlinzi wa ishirini na tisa na ule ubao wa mlango wa mwisho ukatokea, nilichukua ukindu mwekundu nikazisuka nukta zile. Kila mstari nikaupa kipande chake cha ukili. Vipande vitano, nikavishona sambamba, nikatia pindo, ukawa mkeka mdogo wa kukalia. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Marehemu yuko Dar, watoto wako shule. Nikajipongeza mwenyewe kwa chai ya tangawizi.

Shemeji naye alikuwa akicheza. Kila siku baada ya alasiri anavuka mchanga, "Hodi shemeji," anaketi kwenye mkeka wangu mpya na kikombe chake. Nikicheza ananikosoa, akicheza yeye anakufa mlango wa kumi na moja. Hivyo tu, siku zote.

Ikafika siku ya kukatwa plasta. Nikapelekwa hospitali Masoko asubuhi. Narudi, nakuta sebule yangu imejaa wanaume, wanapiga makofi, shemeji kasimama katikati kama bwana harusi. Kwenye kioo, mlango wa mwisho.

"Shemeji!" ananiambia. "Nimefika! Mtu wa kwanza Kivinje nzima!"

Nikamwambia, "Hongera, lakini mimi nimefika kabla yako. Wiki iliyopita."

Sebule nzima ikacheka. Shemeji akasema, "Jamani, tulidhani umevunjika mguu tu, kumbe na kichwa kiliguswa."

Nikasema subirini, nawapangia nukta muone. Lakini betri ilikuwa imechoka. Mmoja wao, kwa ile furaha yake, akaenda kuleta nyingine, akafunga waya kinyume. Mashine ikatoa moshi, ikatoa harufu ya kwato zilizoungua, ikafa. Nami nikabaki na mkeka wangu na neno langu. Mkeka ulikaliwa. Neno halikuaminiwa.

Marehemu aliniamini. Alisema tu, "Mke wangu akisema amefika, amefika." Lakini mume kumwamini mkewe si ushahidi, na sasa hayupo.

Mwaka huu mjukuu wangu amekuja likizo. Ni binti, anasoma mambo ya kompyuta chuoni Mtwara. Mimi namwita mke mwenzangu, kwa kuwa tangu akiwa mdogo alimwita babu yake mume wangu na alikuwa akinifukuza kitandani. Katika kutafuta sindano akafungua bati langu la biskuti, akaiona ile kaseti.

"Bibi! Hii ndiyo ile ya Babu wa ng'ambo?" Huko ng'ambo ni huko kwa shemeji, hatua ishirini.

"Ya babu yako, mume wako," nikamwambia. "Na mlango wa mwisho nilifika mimi."

Akacheka, mtoto yule. "Babu wa ng'ambo anasema ulikuwa unafia mlango wa pili."

Hapo ndipo iliponichoma. Watu wa barazani waseme watakavyo, wengine hata meno hawana. Lakini damu yangu, niliyemfundisha kusuka na kumchamba mtu bila kutukana, naye ananiona bibi mtunga hadithi? Nikamwambia, "Wewe si msomi? Ifufue hiyo kaseti. Kama mimi muongo, uniite muongo hapa hapa, mbele ya huyo babu yako."

Akanieleza kwamba siku hizi kuna kitu kinaitwa emuleta. Ni programu, unaiweka kwenye laptopu, laptopu inajifanya ile mashine ya zamani.

"Inajifanyaje?"

"Inasahau kuwa ni laptopu, Bibi. Inaongea kama ile mashine, inatembea kama ile mashine."

"Basi imepandwa," nikasema. "Sema tu imepandwa pepo, nitaelewa. Nilete ubani?"

"Lete raba na spiriti."

Maana kaseti ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari. Meno yake ya shaba yamekuwa ya kijani. Tulikaa kibarazani asubuhi nzima, yeye anasugua kwa raba, mimi nafuta kwa kitambaa chenye spiriti. Zamani tulikuwa tunaipuliza kaseti ile kwa mdomo. Akaniambia kumbe zile pumzi zetu ndizo zilizokuwa zinaleta kutu. Miaka yote ile tunajiona mafundi!

Kidude cha kuinyonya gemu kutoka kwenye kaseti kilikuja kwa basi kutoka kwa mwenzake wa chuo. Siku ya kwanza kioo kikawa cheusi tupu. Tukasugua tena. Siku ya pili sauti ikaja bila picha, ule wimbo wa ngome, na mimi nikasimama na mwiko wangu jikoni nisiweze kukoroga, kwa kuwa ni wimbo wa sebule yangu wakati mume wangu yu hai. Siku ya tatu picha ikaja, lakini kijitu kinakimbia kama kimemwagiwa maji ya moto, kinaingia kwenye nyoka chenyewe. Mjukuu akapapasa papasa mipangilio, akasema kompyuta ya sasa ina haraka mno, lazima aifunge breki. Akaifunga. Kijitu kikatembea mwendo wake, kimeshika taa yake. Nikamwambia, "Huyo. Huyo namjua."

Shemeji alisikia wimbo kule kwake. Akavuka mchanga na fimbo yake.

"Hodi! Nasikia kuna mtu anataka kuaibika?"

"Karibu shemeji," nikasema. "Kaa, aibu iko jikoni inaiva."

Mjukuu akamwamkia, shikamoo Babu, marahaba, akamvutia kiti. Kisha ukaja ubao wa nukta, mitupu mistari yote mitano, inasubiri. Nikaingia ndani nikatoa mkeka wangu, nikaukung'uta, nikautandaza mbele yao kwa madaha.

Tukapanga nukta kama zilivyo kwenye mkeka. Gemu ikalia kama paka aliyekanyagwa. Mlango wa kwanza, nyoka.

"Muongo," akasema shemeji, kwa upole kabisa, kama anayemwombea mtu.

Tukapanga tena. Nyoka tena. Mjukuu akaniangalia, na katika macho yake nikaona anatafuta namna ya kunihurumia. Sikuwahi kuchukia huruma kama siku ile.

Nikapiga magoti nikaushika mkeka, na vidole vikaniambia kabla ya akili. Uzi ulikuwa mpya. Nikakumbuka. Miaka ya nyuma uzi wake ulioza, nikaufumua na kuushona upya, na kama afanyavyo kila msusi mwenye akili, vipande vilivyochakaa kwa kukaliwa nikavipeleka pembeni, vizima nikavileta katikati. Mkeka ukaongezewa maisha. Nukta zikavurugika.

Nikawaeleza. Kichwa cha kila kipande nakijua, pale usukaji ulipoanzia, kwa hiyo kushoto na kulia si taabu. Lakini kipi kilikuwa juu, kipi chini? Kimoja kina nukta moja, kingine mbili, kingine tatu, kingine nne, na kingine kitupu.

Mjukuu akapiga hesabu. "Bibi, hapo kuna njia mia moja na ishirini za kuvipanga."

"Tutazijaribu zote."

"Zote! Mimi likizo inaisha Jumapili."

Tukaanza. Kitupu chini, nyoka. Cha nukta nne katikati, nyoka. Cha tatu juu, nyoka. Shemeji anajigeuza kitini, anakohoa, anagonga fimbo chini. Mnajua mtu anayeona mwenzake anatia uzi kwenye sindano na tundu haoni? Ndivyo alivyokuwa. Tulipokosea mara ya saba akashindwa kujizuia, akaruka:

"Aa! Kitupu kinakaa juu! Halafu cha nne, halafu cha moja, cha tatu, na cha mbili chini kwenye pindo! Panga, mtoto, panga!"

Mjukuu akapanga. Gemu haikulia. Kioo kikawa cheusi kidogo, kisha ukatokea mlango mkubwa mwekundu, na kijitu changu mbele yake kimeinua taa.

Kisha mke mwenzangu akageuza shingo taratibu. "Babu," akasema. "Huo ni mkeka wa Bibi. Wewe umejuaje?"

Shemeji akaangalia fimbo yake kana kwamba jibu limeandikwa huko.

"Si nilikuwa naukalia," akasema.

"Kila siku baada ya alasiri," nikamsaidia. "Na kikombe chako cha kahawa mkononi."

Mimi wala sikuwahi kulifikiria. Miaka yote ile nilidhani amefika kwa nguvu zake, ninachodai ni kwamba nilimtangulia tu. Kumbe bwana mkubwa alikuwa anasoma nukta zangu, siku niko Masoko nakatwa plasta akazipanga, akaita watu. Ningeweza kukasirika. Badala yake kicheko kilinishika hadi mtandio ukaanguka. Mjukuu naye. Mwisho shemeji mwenyewe, mabega yanamtikisika, machozi yanamtoka.

"Sasa nisikilize," nilimwambia nilipopata pumzi. "Kesho barazani utasema mwenyewe. Si mimi. Wewe, kwa mdomo wako ule ule."

"Shemeji, nionee huruma, nina mvi."

"Na mimi ninazo. Nyingine umeniotesha wewe."

Alisema. Mimi sikai barazani na wanaume, lakini mjukuu alipita kununua kashata akasikia kwa masikio yake. Alisema, "Ile gemu, mke wa kaka yangu ndiye aliyefika. Mimi nilikaa kwenye mkeka wake tu." Wakamzomea mpaka kahawa ikapoa. Mke mwenzangu alirudi mbio, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Bibi, nisamehe." Nikamwambia arudishe sindano yangu kwanza.

Mlinzi wa mlango wa mwisho hatujamshinda mpaka leo, lazima niseme ukweli huo pia. Ana mikono sita na hana adabu. Mjukuu aliporudi chuoni aliniachia laptopu yake kuukuu, na emuleta ina jambo moja zuri: naweza kuisimamisha katikati, niende kuinua sufuria, nirudi nikute kijitu bado kimenyanyua mguu vilevile. Jioni napigana, shemeji anakuja kunikosoa kama zamani.

Mkeka nimeufumua tena, nimevirudisha vipande mahali pake, kitupu juu, cha mbili chini. Naukalia mimi. Yeye nimemtolea kigoda.