Msusi aliyehamishia kigoda chake mtandaoni

Saa tatu asubuhi, madirisha ya sebule yako wazi, chai imeshapoa vikombeni, na shangazi na mpwa wake wanagombana juu ya sentensi moja.

"Futa," anasema shangazi.

"Shangazi, hii ndiyo inayomwambia mgeni wewe ni nani."

"Mgeni hajaja kujua mimi ni nani. Amekuja ana lake moyoni. Futa."

Mpwa, binti wa kaka yake, ndiye fundi wa tovuti. Huwatengenezea wenye maduka na wenye shule, na wateja wote hao, anasema, kilio chao ni kimoja: waongezewe maneno. Huyu wa leo ndiye wa kwanza kumlilia apunguze. Anavuta pumzi, anabonyeza, na mistari mitatu ya sifa inatoweka kwenye kompyuta. Panabaki peupe. Shangazi anapatazama kwa kuridhika kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Msusi tu, ingawa mwaka wa pili huu hajagusa kichwa cha mtu. Viungo vya vidole vyake vimevimba, na asubuhi za baridi hata kifuniko cha chupa ya mafuta anafunguliwa na mumewe. Kazi anayofanya siku hizi inaitwa ukocha wa maisha, na jina hilo mpaka leo linamchekesha mwenyewe.

"Nilipomwambia mume wangu nimekuwa kocha, aliniuliza wa timu gani," anasimulia. "Nikamjibu, ya kwako, na wewe uko benchi."

Lakini ukikaa naye, haichukui muda kabla hajarudi kwenye saluni. Anairudia kama watu wengine wanavyoirudia nyumba waliyozaliwa. Kilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, redio isiyozimwa, na benchi la kungojea ambalo mbao zake zilikuwa zimeng'aa kwa kukaliwa. Halafu kulikuwa na kigoda.

Waliotaka kuoshwa nywele au kuchanwa walikaa kwenye viti. Waliotaka misuko midogo walishuka kwenye kigoda, mgongo umemwelekea Msusi, kichwa kimelala kati ya magoti yake. Hao ndio waliosema.

"Wa kwenye kiti anakuona kwenye kioo, kwa hiyo anachagua maneno," anaeleza. "Wa kwenye kigoda hakuoni. Anaongea na ukuta. Hujamaliza nusu ya kichwa, umeshaijua nyumba nzima: nani hajarudi, nani kafukuzwa kazi, nani mtoto si wake. Na wewe unasuka. Huulizi. Ukiuliza, anakumbuka kwamba upo."

Hapo anacheka, halafu anatikisa kichwa. "Mtu alikuwa na siku nzima ya kukupa wewe na kichwa chake. Siku hizi unanunua wigi dukani, unavaa njiani. Sisemi ni vibaya. Nasema tu, zile siku zilikuwa tamu, na nazililia."

Kilichomlisha hapo si vidole tu. Alijulikana kuwa na kifua. Siri ikiingia kwake imeingia, hata mumewe alikuwa akisikia habari za mtaa kutoka kwa wauza mboga, na mkewe aliyezijua tangu wiki iliyopita akijifanya anashangaa.

Kisha mwenye nyumba akauza, jengo likavunjwa, na sasa pale pana duka la vifuniko vya simu. Vidole navyo vikaanza kukataa. Msusi akarudi nyumbani na kioo chake kilichopasuka, lakini wateja hawakumwacha. Walipiga simu. Walianza kwa salamu, wakaulizia afya, halafu kikafuata kimya, halafu kilio.

Mpwa, aliyekuwa amehamia kwake kwa muda, alikuwa akiyasikia hayo kila jioni kutoka chumba cha pili. "Nikamwambia, Shangazi, kuna watu wanaishi mjini kwa kazi hii unayoigawa bure," anasema. Akampeleka kwenye mafunzo mafupi ya ukocha katika ukumbi mmoja, ambako Msusi alikuwa mkubwa kuliko mwalimu, akarudi na cheti ambacho mumewe alikitundika juu ya televisheni. Kilichobaki kilikuwa tovuti.

Tovuti ya kwanza ilikuwa ya kupendeza, na haikufaa kitu. Mpwa hakatai. Juu kabisa alimweka shangazi yake amevaa koti la kuazima, mikono amekunja, anatabasamu kama mgombea. Chini yake alikuwapo mwanamume asiyejulikana na mtu, amesimama juu ya mlima na mikono ameinua mbinguni. Halafu yakafuata maneno: fungua uwezo wako, vunja minyororo yako, fikia kilele chako.

"Nilisoma nikaogopa," anasema Msusi. "Nikajiuliza huyu mama ni nani, na ana minyororo ya nini."

Ilipita miezi bila simu ya maana. Aliyepiga mmoja aliuliza kama wanauza nywele. Mwingine alitaka kumuuzia Msusi mashine ya kuchapisha. Mpwa akasoma huku na huko, akaja na jibu: watu hawanunui ahadi, wananunua ushuhuda. Shangazi aandike habari ya mtu mmoja aliyemsaidia, bila jina.

Msusi akakaa jioni mbili, akaandika. Jina hakulitaja, wala mtaa, wala kazi. Aliandika juu ya mwanamke aliyekuja kwake miaka mingi nyuma na begi la safari, watoto wakiwa shuleni, akaomba asukwe vizuri kwa sababu anakokwenda harudi. Aliandika jinsi alivyompa nasaha, jinsi mwanamke alivyolia, alivyorudi kwake, na jinsi ndoa yake leo ilivyo imara.

Na kwa sababu msusi humkumbuka mtu kwa kichwa chake, akaandika na kichwa. Mistari midogo ya kurudi nyuma, mmoja ukipinda juu ya sikio la kushoto kufunika kovu.

Mtaa mzima ulikuwa na kichwa kimoja tu cha namna hiyo.

"Nilificha jina, nikaacha mtu," anasema, na sauti yake inashuka. "Mwingine angekosea vingine. Mimi nilikosea kwa mkono wangu wa kazi."

Safari hii tovuti ilifanya kazi. Watu wakaufungua ukurasa, wakatumiana kwenye makundi ya simu, wakatumiana tena. Mdomo uliponza kichwa, waliandika wengine, na vicheko vingi. Mpwa alikuwa akifurahia idadi ya wageni wa ukurasa mpaka alipoona wanasema nini. Aliuondoa ushuhuda ule asubuhi hiyo hiyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mwenye kichwa alikuwa Mshonaji, fundi wa nguo anayeishi mtaa wa nyuma, aliyekaa kwenye kigoda kile tangu wote wawili wakiwa wasichana. Wa kwanza katika familia yake kusoma habari ile alikuwa binti yake mkubwa. Alisafiri siku hiyo hiyo, akaingia kwa mama yake bila kubisha, akauliza swali moja: "Mama, ulitaka kutuacha?"

Msusi alikwenda kuomba radhi. Anaikumbuka njia ile kuliko alivyotaka, kwa sababu kila aliyemsalimia alimsalimia kwa huruma. Alisikia cherehani ikilia ndani, alipobisha ikanyamaza. Mlango ulipofunguka, Mshonaji alikuwa amenyoa. Hakikubaki kitu. Kovu lilikuwa wazi juu ya sikio, jeupe kidogo, dogo kuliko Msusi alivyolikumbuka.

"Karibu," alimwambia, kwa sauti ile anayowakaribishia wateja asiowafahamu.

Msusi akalia pale pale kizingitini. "Nimeyashika yale mawimbi ya nywele maisha yangu yote," anasema. "Kuona kichwa kile kitupu ilikuwa kama kufika kwenu ukakuta wamehama."

Alianza kusema samahani, Mshonaji akamkatiza. Maneno yaliyofuata wote wawili wanayasimulia sawasawa, kila mmoja kwa wakati wake.

"Nilikuja kwako miaka yote kwa sababu ulikuwa na kifua," alisema Mshonaji. "Sikujua siku moja kifua kitakuwa na tovuti."

Msusi akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Na ulichoandika si kweli. Hukunipa nasaha yoyote siku ile. Hukufungua mdomo. Ulilitazama begi, ukaanza kusuka. Ulipofika nusu ukasema mstari umepinda, ukafumua. Ukasuka, ukasema umepinda tena, ukafumua. Mistari haikuwa imepinda, mwenzangu. Nilikuwa naipapasa kwa vidole. Ulikuwa unanichelewesha gari."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikakuacha ufumue."

Gari liliondoka. Jua lilikuwa limezama Mshonaji alipobeba begi lake na kurudi kupika.

Msusi anasema hilo lilimuumiza kuliko kunyolewa kwa nywele. Alikuwa amesahau. Kwa miaka yote alikuwa akikumbuka hotuba nzuri aliyompa rafiki yake, na hotuba hiyo haikuwahi kutolewa. "Niliuza siri ya mtu," anasema, "na niliyoiuza nayo nikaitia chumvi ya sifa zangu."

Alirudi nyumbani akamwambia mpwa wafunge tovuti. Mpwa akakataa. "Nilimwambia, Shangazi, ukifunga umekimbia," anakumbuka. "Nieleze ulikuwa unafanyaje kazi kwenye kigoda, nami nitaitengeneza hivyo hivyo."

Ndipo kazi ikaanza upya, na ndiyo inayoendelea kwenye meza hii asubuhi ya leo. Mwanamume wa mlimani ameondoka. Koti limerudishwa kwa mwenyewe. Hakuna ushuhuda, na Msusi ameapa hautakuwapo. Picha iliyobaki ni ya kile kigoda peke yake, kwenye sakafu ya saruji. Chini yake pana maneno machache: huonekani, huulizwi jina, anza unapotaka, chochote utakachosema hakitoki.

Mpwa alitaka mazungumzo yawe ya video, kama wanavyofanya makocha wengine. Msusi akagoma. Mteja hupiga simu ya sauti tu, na Msusi humsikiliza akiwa amegeukia ukuta. Akishindwa kusema, wananyamaza wote wawili mpaka muda uishe.

"Mwanzoni nilidhani hakuna atakayelipia kimya," anasema mpwa. "Nilikosea. Kuna dada mmoja alilipia vipindi viwili vya kimya, cha tatu akaongea." Shangazi anamkata jicho, na mpwa anajiziba mdomo. Hata hilo dogo lilikuwa limezidi.

Wateja si wengi. Wiki ya watu wanne ni wiki njema, na kipato bado hakijafikia nusu ya alichokuwa akipata saluni. Lakini wanaokuja wanarudi, na wakirudi wanamleta mwingine bila kusema kwa nini.

Makala haya yasingeandikwa bila ruhusa ya Mshonaji. Alikubali akiwa ameinamia cherehani yake, pini mdomoni, kwa sharti kwamba atasimulia sehemu yake mwenyewe.

"Binti yangu alikaa kwangu siku kadhaa," anasema. "Nilimwambia ndiyo, nilitaka kuwaacha. Nilikuwa nimechoka, na hakuna aliyekuwa akiniona. Alilia sana. Halafu akaniambia naye amechoka. Tangu aolewe hajawahi kuniambia hivyo. Kwa hiyo sijui niseme nini. Nilichofanyiwa kilikuwa kibaya, na kimeniletea mtoto wangu."

Na Msusi je? Amemsamehe?

Mshonaji anatoa pini moja mdomoni, anaichomeka kwenye kitambaa. "Tunasalimiana," anasema.

Msusi haombi zaidi ya hapo. Wiki iliyopita walikutana sokoni, wakaulizana hali, wakalalamikia bei ya vitunguu kama zamani. Mtandio wa Mshonaji ulikuwa umeteleza nyuma kidogo, na Msusi akaona nywele zimeanza kurudi. Bado fupi, lakini zinashikika.

"Sikusema kitu," anasema. "Nimejifunza."

Anasubiri mpwa aende jikoni kupasha chai, kisha anavuta kiti kimoja kutoka kona ya sebule. Nyuma ya kiti amefunga nyuzi nyingi nyeusi za sufu, na nusu yazo zimeshasukwa mistari midogo ya kurudi nyuma. Mingine imekwenda kombo. Mmoja, upande wa kushoto, unapinda taratibu kama wa kufunika kovu, na huo hauna kombo hata mahali pamoja.

"Kila jioni nafanya kidogo, mpaka vidole vikatae," anasema, akianza mstari mwingine. "Sijui kama atakuja. Akija, anikute naweza."