Wageni wa Klara

Ngo, ngo, ngo! Mlio wa fimbo ya Bibi Ruth sakafuni ninao masikioni hadi leo. Ninamhudumia nyumbani kwake, mji wa Euless karibu na Dallas, na asubuhi ile aliniita kwa vishindo nikaacha uji jikoni. "Mwanangu, miguu yangu imeikataa Houston. Nenda wewe ukamwone Klara."

Klara ni dada yake. Wanazi walimchukua kwa kuwa ni Myahudi, wala hana kaburi. Sasa Wayahudi wa Houston wameweka vibao vya shaba kwenye njia ya waendao kwa miguu, kila kibao na jina la mmoja wa waliouawa. Bibi alitaka alione la Klara, hata kwa simu tu, kabla hajafumba macho.

Jumamosi alfajiri nilipanda basi Dallas. Njia nzima malori, ng'ombe, na mbingu pana hizo, jamani! Nikamkumbuka mdogo wangu Dezire. Tulimzika kando ya njia tukikimbia vita kwenda Tanzania, na pale mahali sipajui.

Houston alinipokea Wanjiru, nesi Mkenya wa Missouri City, mji ulio jirani tu, rafiki yangu niliyeimba naye kwaya zamani. "Karibu, mrembo! Kula kwanza, halafu nita-drive. Huwezi kusalimia marehemu na njaa."

Mchana tukafika. Kibao cha Klara kilijaa vimawe. Nikaumia: nani kamtupia takataka? Kwetu Burundi kaburi husafishwa kabla ya sala. Nikavifagia vyote majanini kwa kitenge changu, nikasugua shaba ikang'aa, nikampigia Bibi simu ya video.

"Klara," akanong'ona. Kisha: "Vimawe viko wapi?"

"Nimefagia, Bibi."

"Umefagia! Kila kimoja kimewekwa na mtu aliyekuja kumsalimu. Umewafagia wageni wake!"

Nilitamani ardhi inimeze. Wanjiru alishapiga magoti majanini. "Okota, mama, wacha kulia. Wageni hawajaenda mbali."

Bibi akasikia, akacheka mpaka machozi. Tukavirudisha, tukaongeza viwili vyetu.

"Sasa ana watu," Bibi akasema.

Kwenye basi la kurudi sikulala. Nilikuwa nadhani asiye na kaburi hana pa kutembelewa. Kumbe jina likikaa wanapopita watu, kuna atakayesimama.

Jumapili kabla ya misa nilitoka peke yangu na chaki, nikainama kwenye njia ya wapitao mbele ya mlango wetu, nikaandika kwa herufi kubwa: DEZIRE.