Harufu ya Tikiti

Watu wa ghuba ya Carancahua walimwita Orval Janecek "Pua", na hakuna aliyekusudia kumtukana. Samaki aina ya trauti wakishiba samaki wadogo hutapika mafuta, mafuta hupanda juu ya maji na kufanya doa la kung'aa, na doa hilo hunukia tikiti lililopasuliwa sasa hivi. Kila mvuvi wa pwani hii ya Texas anajua hilo. Ila Orval alikuwa anaisikia harufu hiyo kabla ya wengine wote, huku bado anafunga jaketi lake la kuokolea, kisha anageuza kayaki yake ya mtu mmoja na wenzake wanamfuata bila kuuliza.

Tangu ile homa ya Januari, pua hiyo ilikuwa imekufa. Kahawa ikawa maji matupu. Sabuni, samaki, moshi wa jirani anayechoma nyama, vyote kimya. Daktari alisema huenda harufu zitarudi, akasema kwa sauti ya mtu asiyetarajia. Orval hakumwambia mtu yeyote.

Sababu ilikuwa Lorene, binti yake wa pekee. Mwaka aliofariki mama yake, Bernice, Lorene alisimama pale jikoni akagonga jiko la gesi kwa kidole. "Baba, siku nitakayosikia umeanza kushindwa, nakuja kukuchukua. Dallas chumba chako kipo." Alisema kwa upendo, na alimaanisha kila neno. Halafu akamgeukia Wilmer, mdogo wa Bernice. "Mjomba, ukiona kitu uniambie. Usinifiche." Wilmer akaapa.

Sasa mzee anayeishi peke yake na jiko la gesi, wala hawezi kusikia harufu ya gesi ikivuja, huyo ameanza kushindwa. Hata Orval mwenyewe asingebisha. Na Dallas ni mbali na maji ya chumvi.

Basi akavua kwa macho. Doa dogo lenye kingo kali ni jipya, doa kubwa lililopasukapasuka ni la zamani. Hilo aliliona sawasawa. Lakini kambare wa bahari nao hutoa madoa yao, na hayo huyatenganishi na ya trauti kwa macho, ni kwa pua tu. "Tikiti!" alikuwa anasema kila mara, akibahatisha. Mara nyingine akapatia. Mara nyingine Wilmer alinasa kambare baada ya kambare, akawachomoa kwa koleo akiogopa miiba yao yenye sumu, akiwatukana mama zao. Uongo ule ulimchosha Orval kuliko kupiga kasia.

Asubuhi moja ya Oktoba walitia kayaki majini kwenye gati la makombe ya chaza, baridi ya kwanza imeshuka na upepo unatoka kaskazini. Orval alikuwa amelala vibaya. Mwili wote ulikuwa mzito, na mabega yalimuuma hata kabla ya kuanza.

"Shemeji, hilo kasia unapiga au unakoroga supu?" Wilmer alimwita kutoka nyuma.

"Mdomo wako ungekuwa injini, tungekuwa tumeshafika Meksiko."

"Tungefika tungekula vizuri. Wewe siku hizi umekonda kama fito."

Orval alikuwa anatafuta madoa juu ya maji. Upande wa kaskazini, karibu na majani ya ukingoni, alikuwa ameliona doa dogo, safi, la mviringo. Ila kulifikia ilikuwa ni kupambana na upepo njia nzima. Akalitazama, mabega yakakataa. Kusini, mbele kidogo ya miamba ya chaza, palikuwa na doa jingine linang'aa, na huko upepo ungewasukuma bure.

"Tikiti," akasema, akielekeza kasia kusini. "Limeiva hilo!"

Wilmer alinusa hewa, kisha akafuata. Wakatupa chambo. Kambare. Wakatupa tena. Kambare mwingine, mkubwa na mwenye hasira. Wilmer alimwachia, akaisogeza kayaki yake mpaka zikagusana, akalaza kasia juu ya zote mbili.

"Shemeji."

"Nini?"

"Ile harufu uliisikiaje?"

"Kwa pua, ningeisikiaje?"

"Upepo ulikuwa unatupiga mgongoni."

Orval akatazama maji. Kosa kama lile hata mtoto wa Carancahua hafanyi. Harufu haisafiri kinyume cha upepo. Uchovu wake ndio uliomchongea.

"Tangu lini?" Wilmer aliuliza.

"Ile homa ya Januari."

"Na gesi?"

"Nimeifunga nje, kwenye bomba. Sijawasha jiko tangu siku hiyo."

"Unakula nini sasa?"

"Mkate. Maharage ya kopo."

"Ya baridi?"

"Nani amewahi kufa kwa maharage ya baridi?"

Wilmer alipiga ubavu wa kayaki kwa kiganja. Alikasirika. "Miezi yote hii nakufuata kama kondoo, nachomwa na mikambare, kumbe hujui hata tunakokwenda!"

"Ningekwambia, ungemwambia Lorene."

"Ningemwambia, ndiyo! Jumapili atapiga simu ataniuliza. Sijawahi kumdanganya yule mtoto."

Tangu Januari Orval alikuwa ametunga maneno ya kumbembeleza shemeji yake siku hii ikifika. Sasa aliyatafuta akakuta hana hata nguvu ya kuyasema. Alichoka. Alichoka kula baridi, alichoka kupiga kelele za tikiti. "Usimdanganye," alisema. "Nitampigia mwenyewe."

Wakakaa wanayumba. Ndipo Wilmer akainua uso kuelekea kaskazini. "Kule. Tikiti."

"Najua. Nililiona. Sikuwa na mabega ya kufika."

Wilmer akafunga kayaki ya Orval kwa kamba nyuma ya yake, akaanza kuvuta, akimlaani yeye, upepo na homa. Pale majanini trauti walikuwa wengi. Orval alinasa jike mkubwa mwenye mayai, akamshika chini ya maji mpaka alipopata nguvu, akamwachia, kama Bernice alivyokuwa anamlazimisha kufanya.

Jioni, jikoni, alimpigia Lorene, Wilmer akiwa amekaa mkabala naye. Lorene alilia, kisha akasema, "Jumamosi nakuja, Baba."

"Sawa, mwanangu."

Hakubisha. Alikata simu, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa fundo. Ndani mlikuwa na shati la kuvulia la Bernice, halijafuliwa tangu siku ya mwisho alipolivaa.

"Sikujua kwa kahawa kwamba pua imekufa," alisema. "Nilijua kwa hili. Nilikuwa nalinusa kila asubuhi. Siku hiyo nikafungua, hakuna mtu." Akalisukuma mezani. "Ninusie wewe. Kama bado yumo, nakwenda naye Dallas. Kama hayumo, sina haja ya kubeba kitambaa."

Wilmer alizika uso ndani ya shati la dada yake. Alikaa hivyo muda mrefu, mabega yakitikisika.

"Yumo," alisema.

Orval alimtazama. Hakuwa na njia ya kujua kama shemeji yake alikuwa amemsikia Bernice kweli, au alisema tu kama yeye mwenyewe alivyokuwa akisema tikiti. Hakuuliza. Akalichukua shati, akalirudisha mfukoni, akafunga fundo upesi asije akatoka.