Dakika Tatu za Kuomba Simiti

Mimi ni mtu wa nyumbani. Niliwahi kulala Kitui mjini siku mbili kwa arusi ya binamu, nikarudi kwetu Mbumbuni nimekonda kama aliyetoka vitani. Kwa hiyo kikundi chetu cha mwethya kiliponichagua nikakiwakilishe ng'ambo, kwenye mkutano wa dunia kuhusu hali ya hewa, nilijua kimekosa akili. Sababu yao ilikuwa moja tu: nilimaliza kidato cha nne. Wengine wakisikia Kiingereza hutabasamu na kungoja kiishe.

Mwethya, kwa Kikamba chetu, ni kazi ya pamoja: leo tunachimba matuta shambani kwako, kesho kwangu. Wakati huo tulikuwa tunajenga bwawa la mchanga, yaani ukuta wa kuukata mto wetu wa msimu ili mchanga ujae nyuma yake na maji yabaki humo kiangazi. Mawe tulikuwa tumeyabeba kwa migongo yetu miezi mitatu. Kilichobaki ni simiti, na mvua ya Novemba haingoji mtu. Shirika lililonilipia tikiti lilisema huko wafadhili ni tele, nami ningepewa dakika tatu niseme.

"Katibu," mwenyekiti wetu aliniambia akinisindikiza, "usiende kuwaonyesha watu Kiingereza. Omba simiti urudi."

"Mifuko mingapi?"

"Mia mbili. Wakisema mia, lia kidogo."

Safari ya ndege ni kufungwa kwenye kiti kama mbuzi wa mnada, kisha unaletewa wali ambao mtoto wangu angemwagia mbwa. Wanaojisifia jambo hilo sijui kwao wanalala wapi.

Mkutano ulikuwa jangwani, ndani ya ukumbi wa baridi kali. Wanajadili joto la dunia, nami nimevaa sweta mbili. Kila mtu alining'iniza kadi shingoni kama ng'ombe wa maonyesho. Walikunywa maji ya chupa nusu, wakaiacha, wakafungua nyingine. Nilishindwa kuvumilia, nikaanza kuzikusanya na kuumwagilia mti uliokuwa kwenye chungu karibu na mlango. Chupa ya nne ndipo nikagusa majani. Plastiki.

Kwenye ujia kulikuwa na televisheni kubwa ikionyesha vita, nyumba zikianguka na watu wakikimbia na magodoro kichwani. Wajumbe walisimama, wakatikisa vichwa kwa huruma ya kadiri, wakaenda kula. Nami nilitikisa changu nikawafuata, maana kulikuwa na kuku. Alasiri mataifa yakabishana juu ya neno moja kwenye karatasi hadi jua likatua. Kwetu kwa muda huo tungekuwa tumemaliza matuta mawili na uji.

Zamu yangu ikafika. Mbele yangu saa nyekundu ilihesabu kurudi nyuma, sikuijali. Kwetu mtu hasimami mbele za watu akaanza kuomba kama mwenye njaa. Nikamshukuru Mungu aliyenifikisha. Nikamtambua mwenyekiti wa kikao, mawaziri, wageni waheshimiwa na waliotupikia chai. Nikajitambulisha: mke wa mume mmoja, mama wa watoto watano, nimeokoka. Nikaleta salamu za kikundi, za mchungaji, za chifu, na za mama mkwe wangu aliyenionya nisimsahau. Halafu nikasema, "Bwana asifiwe!"

Kimya.

Kwetu ukikosa jibu, ujue watu wamesinzia, unarudia kwa nguvu. Nikarudia. Nikarudia tena, mkalimani akakohoa kibandani mwake. Nikasema, "Sasa, jambo lililonileta hapa," na kipaza sauti kikazimwa.

Walipiga makofi. Mama mmoja mwenye shanga nyingi alinikumbatia, akasema nimemgusa moyo. Nikamwambia tunataka simiti. Akaliandika neno hilo kwenye kidaftari, akalipigia mstari, na hatujamsikia tena.

Niliporudi niliwakuta wenzangu mtoni, wamekalia mawe.

"Ulisema?" mwenyekiti akauliza.

"Nilisema."

"Simiti?"

"Sikufika kwa simiti. Nilikuwa bado kwa salamu."

"Na zangu?" akadakia mama mkwe.

"Zako zilifika, mama."

"Wakaitikia nini?"

"Hawakuitikia."

Nilitarajia kutukanwa. Badala yake wakaudhika kwa niaba yangu. "Watu wazima? Unawasalimia kwa jina la Bwana wanakutolea macho?" Mmoja akatema mate kando. "Hao hata wangetupa simiti, ingefika imeshaganda."

Tulicheka sana. Mwenyekiti peke yake hakucheka, alikuwa anayatazama mawe.

Mvua ilikuja wiki ya pili ya Novemba, ile kubwa tunayoiombea mwaka mzima. Tulisimama ukingoni tukayatazama maji yakipita, yakayazoa mawe yetu kama viazi. Kufikia Januari tulikuwa tunauchimba mto kwa sahani kutafuta maji ya kupikia.

Mwezi uliopita shirika liliandika tena: mji mwingine, dakika tatu zile zile. Mwenyekiti hakuitisha kura. Ameanza kutafuta pasipoti yake. Kiingereza hajui, na Kiswahili chake ni cha kuuzia maembe.

"Utaongea nini huko?" nilimwuliza.

"Kikamba. Nitasema simiti, nikae chini. Wakitaka kunijua zaidi, waje Mbumbuni. Wewe baki unichungie mbuzi."