Gari la Kuchaji na Mama Mkwe

Nilirudi Ifakara na vitu vitatu ambavyo sikupewa na mtu: stashahada ya umeme, nyumba ya vyumba vitano niliyoijenga mtaa wa Lumemo nikiwa bado Uarabuni, na akiba ya kununua gari. Nasema sikupewa kwa sababu ndivyo ilivyo. Ada ya chuo niliilipa kwa kufyatua matofali. Huko Uarabuni nilianza kwa kubadilisha balbu kwenye korido za hoteli, na nilipoondoka baada ya miaka kumi na sita nilikuwa msimamizi wa umeme wa jengo zima, chini yangu wakiwemo watu waliosoma kuliko mimi. Kwa hiyo lilipokuja suala la gari, sikuona sababu ya kumuuliza mtu.

Magari yalikuwa mawili, yote ya rafiki yangu niliyesoma naye chuo, ambaye siku hizi anauza magari yaliyotumika mjini Morogoro. La kwanza lilikuwa haibridi ya kuchaji, yaani lina injini ya petroli na mota ya umeme, na betri yake unaichomeka ukutani kama simu. Lilikuwa na siti tano. La pili lilikuwa la petroli tupu, refu, limenyanyuka, lenye safu tatu za siti na nafasi ya watu saba.

"Mzee wa diploma," rafiki yangu aliniambia, "chukua hili la kuchaji ukae nalo wiki moja. Likikushinda, lirudishe uchukue lile basi lako dogo."

"Umeme haujawahi kunishinda."

"Sijasema umeme. Nimesema gari."

Nililifikisha Lumemo jioni, na kabla ya kula nilikuwa nimeshabadilisha kichwa cha waya wake wa kuchajia, maana ule wa Ujapani hauingii kwenye soketi zetu. Nilivuta waya mnene kutoka kwenye mita, nikaweka swichi yake peke yake. Kazi ya saa moja na nusu. Sidhani kama Ifakara nzima kulikuwa na mtu mwingine ambaye angeifanya jioni ile bila kupiga simu kuuliza.

Siku tatu nilizunguka nalo mjini na sikuchoma petroli hata kidogo. Nilipenda namna linavyoondoka: unakanyaga, linakwenda, kimya, kama mtu aliyesimama kutoka kitini. Nilipima kila kitu. Uniti za luku zilikuwa nafuu kuliko petroli, hilo halina ubishi. Kwa upande mwingine umeme hukatika, betri imekaa chini kwenye sakafu, na barabara ya kwenda Mlimba ina madimbwi ambayo baada ya masika huwezi kujua kina chake. La petroli lingekunywa mafuta, lakini kila fundi wa mji huu angeweza kulifungua na kulifunga. Mizani yangu ililalia kwenye la kuchaji. Mke wangu hakuwa na maneno mengi.

"Sisi na watoto ni watano," alisema. "Na mama yangu?"

"Mama yako anapanda gari langu mara ngapi kwa mwaka?"

"Hajawahi kupanda kwa sababu hujawahi kuwa nalo."

Hapo inabidi nieleze habari za mama mkwe. Anaishi Chita, kwenye njia hiyo ya Mlimba, na mdogo wa kiume wa mke wangu, na wanalima mpunga. Katika ukoo wao mkwe wa kiume na mama mkwe hukaa mbalimbali kwa heshima. Hatupeani mikono, hatuli meza moja, hatutazamani usoni, na tukiwa na la kuambiana tunampitishia mtu wa katikati hata kama wote tunasikia. Watu wengi siku hizi wameliacha jambo hili. Wao hawajaliacha, na mimi sijawahi kuwaomba waliache. Nikienda kwake, nikifika kwenye migomba ya kwanza nakohoa, natoa hodi, nasimama mpaka nisikie mtu ameitikia.

Mwaka ule macho yake yalikuwa yanakwisha. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linafuata. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Ifakara kwa wiki moja tu, Jumatatu mpaka Ijumaa, na jina lake lilikuwa limeandikwa. Jumapili shemeji alipiga simu.

"Shem, mama jana ameingia mtaroni."

"Ameumia?"

"Amechubuka. Anasema mtaro umesogea."

Tulikubaliana nimfuate Jumatatu. Mke wangu ni mwalimu, na siku ile alikuwa na mtihani wa darasa lake, hivyo nilikwenda peke yangu. Umeme ungeniishia njiani, kabla ya kufika kijiji cha Mbingu, hilo nilikuwa nimeshalipigia hesabu. Lakini gari lile lina kitufe cha kutunza chaji: ukikibonyeza, linatumia petroli na kuuweka umeme akiba. Nilikibonyeza nje tu ya Ifakara. Nilitaka umeme ubaki wa kuingilia Chita. Nilitaka shemeji na majirani zake waone gari likiingia uani bila sauti, waulize, nami nieleze. Sioni aibu kulisema. Mtu aliyeondoka kwenda Uarabuni akiwa amebeba begi moja begani ana haki ya kurudi namna anavyotaka.

Niliingia Chita kimya kabisa. Nilipita migomba ya kwanza nikiwa ndani ya gari, vioo juu, na kukohoa hakukunijia akilini hata kidogo. Nilikata kona ya nyumba na kusimama hatua chache kutoka kwa mama mkwe, ambaye alikuwa ameketi mkekani akipepeta mchele, kichwa wazi, miguu ameinyoosha mbele, khanga ameikunja mpaka magotini kwa sababu ya joto. Hakuniona. Aliendelea kurusha ungo. Mimi nilibaki nimeshika usukani, sijui nirudi nyuma au nishuke, mpaka kuku mmoja alipokimbia na shemeji akatoka ndani na kupiga kelele, "Mama, mkwe!"

Alisimama haraka mno kwa mtu wa umri wake. Ungo ulianguka na mchele ukamwagika. Alipapasa ukuta, akaukosa mlango, akaupata, akaingia.

Hakutoka tena. Shemeji alifanya kazi ya kwenda na kurudi kati ya mlango na gari.

"Anasema amefedheheka."

"Mwambie sikuona kitu."

Alikwenda, akarudi. "Anasema kipofu ni yeye, wewe macho unayo."

"Mwambie naomba radhi. Gari hili halina sauti."

Alikwenda, akarudi, safari hii akijizuia kucheka. "Anasema kifua chako hakikuwa na sauti pia?"

Baada ya muda mama mkwe alituma swali jingine: kama angekubali kupanda, angekaa wapi? Nilimfungulia shemeji mlango wa nyuma. Aliingia, akakaa, akanyoosha mkono, na vidole vyake vikanigusa shingoni.

"Shem, hapa atakupumulia kisogoni mpaka Ifakara."

"Ni saa chache tu."

"Ndiyo hizo hizo."

Nilimpigia mke wangu. Alisema nitafute dereva pale Chita, amlete mama yake pamoja na shemeji, mimi nije na treni au pikipiki. Lilikuwa wazo zuri na nililikataa. Sikufanya kazi miaka yote ile ili mama mkwe wangu aletwe hospitali na mgeni, kwenye gari langu, mimi nikiwa vumbini nyuma. Hata leo nisingekubali. Na mama mkwe mwenyewe, shemeji alipomfikishia, alisema vivyo hivyo: gari la mkwe haliendeshwi na mwingine wakati mkwe yu mzima.

Nikaondoka na siti nne tupu.

Njia nzima nilifikiri. Pale hotelini kazi yangu yote ilikuwa kuondoa sauti. Mgeni akisikia feni inavuma au lifti inalia, napigiwa mimi. Kimya kilikuwa ndicho kipimo cha ufundi wangu, nilikiamini na bado nakiamini. Lakini kule nilikuwa naingia vyumba vya watu nisiowajua na wasionijua, na hapakuwa na mtu ambaye kunisikia nikija kulimsaidia chochote. Mama mkwe wangu, tangu macho yaanze kumwisha, alikuwa ananitambua kwa kikohozi. Kikohozi changu ndicho kilichompa nafasi ya kujifunika, kukusanya miguu, kuwa mwenye nyumba. Nilikuwa nimechukua kitu hicho na kwenda nacho uani kwake kukionyesha kama maendeleo.

Jumanne alfajiri nilikuwa barabarani kuelekea Morogoro.

"Limekushinda?" rafiki yangu aliuliza kabla sijazima gari.

"Halijanishinda. Limemshinda mama mkwe."

Alicheka mpaka akashika boneti. Nilimwacha acheke. Kisha nilipanda lile la petroli, nikaisikiliza injini yake ikinguruma kama mashine ya kukoboa, na nikarudi nalo siku hiyohiyo.

Jumatano mke wangu aliomba ruhusa shuleni, tukaenda wote. Tulipovuka reli ya Chita nilianza kupiga honi, na kwenye migomba ya kwanza nilisimamisha gari, nikashuka, nikakohoa mpaka mke wangu akaniambia inatosha, watadhani ni kifua kikuu. Sauti ikaitikia kutoka ndani. Mama mkwe alikuwa ameshavaa, kitenge kipya kichwani, kikapu mkononi, amekaa akiwa ametazama upande wa pili.

Kuifikia safu ya tatu si jambo rahisi. Inabidi uilaze siti ya katikati, uiname, na kupita upenyoni. Mama mkwe asingeweza kufanya hayo mbele yangu, hivyo nilikwenda nyuma ya jiko na kusimama nikitazama mpunga. Nilisikia kila kitu.

"Inama, mama."

"Nimeinama. Hili gari lina mlango au lina tundu?"

"Mguu huu kwanza. Siyo huo."

"Yote ni yangu."

Baadaye kikaja kicheko cha wote watatu, cha shemeji akisukuma, cha mke wangu, na cha mama mkwe mwenyewe, ambacho katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijawahi kukisikia. Niliitwa alipokuwa amekaa. Siti moja ya katikati tuliiacha imelala ili anyooshe miguu. Mke wangu alikaa kwenye nyingine, akiwa mtu wa katikati kwa maana zote, na shemeji mbele pamoja nami.

"Mwambie mwenzako apunguze mwendo," sauti ilitoka mbali nyuma.

"Baba, mama anasema upunguze mwendo."

"Mwambie mama nimepunguza."

"Mwambie hajapunguza."

Tulikwenda hivyo mpaka Ifakara. Kwenye madimbwi maji yalipiga chini ya gari na hayakufika mlangoni, na nilikubali moyoni kwamba lile jingine, kwa uzito wa watu wanne, ningekuwa nalisukuma.

Mama mkwe alilala kwa mdogo wake wa kike aliyeko mjini, si kwangu, kama desturi yao inavyotaka. Alipasuliwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi walimtoa bandeji, na mke wangu akaniambia kwamba kitu cha kwanza alichouliza ni kwa nini muuguzi amekunja uso.

Mchana ule niliwasubiri nje ya hospitali, nimegeuka upande wa barabara wakati akipanda. Nilikuwa nimeshampigia rafiki yangu kumwambia kwamba gari la safu tatu halirudi. Naendelea kuamini kwamba la kuchaji ni mashine bora kuliko hili, na waya niliouvuta kutoka kwenye mita haujatolewa. Lakini nilikuwa nachagua gari la kwenda Chita.

Tuliondoka. Niliendesha taratibu bila kuambiwa. Tulipita sokoni, tukapita stendi, na kwenye tuta la mwisho sauti ikaja.

"Mwambie mwenzako kichwa chake kimeota upara nyuma."

Mke wangu hakunifikishia. Alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

"Mwambie," mama mkwe alirudia. "Au hakuna anayemwambia?"

Nilipeleka mkono nyuma ya kichwa nikapapasa. Upara ulikuwepo, mpana kama kisahani.

"Mwambie mama nimesikia," nilisema.