Gauni la Kujaribia

Abshiro Dubow alikuwa hajawahi kukata gauni la kukaa mwilini mpaka mwaka ule aliofiwa na mumewe. Vitu vingine alivijua. Aliweza kushona misuli ya wanaume, sare za watoto wa shule, foronya na shela. Lakini mwenye mkasi hasa alikuwa Dagane, mumewe, aliyefanya kazi ya ufundi cherehani kwenye baraza ya duka moja pale Garissa mjini. Dagane alikata, akaunga vipande, kisha jioni akaja navyo nyumbani vimefungwa katika shuka. Abshiro akapiga pindo na kutia vifungo, huku wakizungumza mambo ya siku.

Mwishoni mwa mwaka wa 1966 Dagane alipanda lori kwenda Hadado kumwangalia mjomba wake aliyekuwa mgonjwa. Lori likakanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Nani alilifukia, hakuna aliyejua, na siku zile za vita vya serikali na waasi watu hawakuuliza sana kwa sauti. Dagane na wenzake walizikwa hukohuko njiani, na habari ikafika Garissa pamoja na watu wa lori la nyuma.

Abshiro akavaa nguo nyeupe kama ilivyo desturi ya wajane wa Kisomali, akakaa eda. Hakujipaka hina wala mafuta ya kunukia, na hakutoka nje ila kwa dharura. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, katika bulla, kama mitaa inavyoitwa huko, iliyo nyuma ya soko. Aliishi humo na binti yake Qali, aliyekuwa darasa la kwanza, na mama mkwe wake, Osob, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Cherehani ya Dagane ililetwa kutoka barazani kwa gari la punda, ikawekwa karibu na dirisha. Ikakaa hapo imefunikwa kanga, na kila aliyeingia aliitazama kwanza kabla ya kutoa pole.

Mmoja wa waliokuja kutoa pole alikuwa mwalimu wa Qali, Wilkister Aketch, msichana wa kutoka upande wa ziwa aliyeletwa kufundisha Garissa mwaka uliotangulia. Alikaa mkekani, akanywa chai ya maziwa, akasema maneno machache ya kumfariji mwenzake. Alipokuwa anataka kuondoka ndipo akaiona ile cherehani, akasita.

"Mama Qali," alisema, "sijui kama ni adabu kuuliza jambo hili katika nyumba yenye msiba."

"Uliza tu, mwalimu."

Wilkister akaeleza kwamba alikuwa anaolewa baada ya Pasaka, na mchumba wake, Elkanah, alikuwa karani katika ofisi ya kilimo hapohapo mjini. Walitaka kwenda kufunga ndoa nyumbani, lakini magari yalisafiri kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na ruhusa za likizo zilikuwa zimefungwa. Basi wangeoana Garissa, katika kanisa dogo la mabati. Elkanah alikuwa amepata kuagiza kitambaa cha satini kutoka Nairobi, pamoja na picha ya gauni iliyokatwa gazetini. Mshonaji ndiye aliyekosekana. Fundi mmoja wa kiume aliyekuwa amebaki mjini alikataa, akisema hawezi kumzungushia futi binti wa watu.

Abshiro aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Gauni lenyewe lilibana kiunoni, likafunguka chini, na mikono yake ilikuwa mirefu na myembamba.

"Mimi sijawahi kukata nguo hii," alisema. Kiswahili chake alikijifunzia sokoni, na kila alipokutana na herufi ya p aliitamka kama b. "Nikiharibu, satini nyingine hakuna. Kwanza nashona ya marekani. Tunabima, tunaona makosa iko wabi. Halafu satini."

Wazo hilo alilipata kwa Dagane. Zamani, kabla ya vita, Dagane aliwahi kushonea ofisa mmoja koti, na kwa kuogopa kuharibu kitambaa cha mtu alilishona kwanza kwa gunia la sukari. Abshiro alikumbuka walivyocheka mumewe alipolivaa koti lile la gunia, akatembea nalo chumbani kifua mbele.

Wilkister alikubali. Aliyekuwa hajakubali ni Osob. Mgeni alipoondoka, mama mkwe alisema kwa Kisomali, bila kupandisha sauti, "Wewe uko kwenye eda ya mwanangu. Leo utashika mapambo ya harusi?"

"Hooyo, mama, nitashika tu. Sitavaa."

"Nitamuuliza maalimu wa msikitini."

Osob akajitanda shela yake, akaenda msikitini. Aliporudi alivua viatu taratibu, akasema maalimu amesema kushona kwa ajili ya riziki ya mtoto si kujipamba. Kisha akaenda kumwangalia mbuzi wake. Abshiro akaiondoa kanga juu ya cherehani, akaifuta vumbi na kuitia mafuta, na mlio wake ulipoanza ilimbidi asimame kidogo, kwa kuwa ulikuwa ni mlio uleule wa siku zote.

Marekani, kile kitambaa cheupe cha bei nafuu, ilipatikana sokoni kwa urahisi. Abshiro alimpima mwalimu kwa futi ya Dagane, akachora juu ya kitambaa, akakata kwa woga, akashikiza vipande kwa mishono mirefu ya kufumuka upesi. Wiki iliyofuata, baada ya shule, Wilkister alikuja kulijaribu.

Lilikuwa baya. Kifuani lilijaa hewa, kwapani lilibana, na Wilkister alipojaribu kuinua mkono gauni zima lilipanda naye. Alijitazama, akamtazama Abshiro, na wote wawili wakawa kama watu waliovunja chombo cha mwenyeji.

"Bahati yetu si satini," alisema Abshiro.

Wakati huo Osob akaingia na kibuyu cha maziwa. Alimkuta mkwewe, mweupe toka kichwani mpaka miguuni, amepiga magoti na pini mdomoni, na mbele yake msichana mwingine aliyevaa nguo nyeupe. Akasimama mlangoni.

"Huyu naye kafiwa na nani?" aliuliza kwa Kisomali.

Abshiro alitoa pini mdomoni. Wilkister akauliza mama anasema nini, na Abshiro, kwa kuwa hakupata uongo wa haraka, akamwambia.

Mwalimu hakuudhika. "Mwambie sijafiwa," alisema polepole. "Mwambie kwetu kanisani bibi harusi ndiye anayevaa nyeupe."

Osob alisikiliza tafsiri hiyo kwa makini. Akaweka kibuyu chini, akasogea karibu, akashika upindo wa mkono wa lile gauni kwa vidole viwili, akaupapasa. "Mungu amtunzie mume wake," alisema, kisha akaingia chumba cha ndani. Maneno hayo hayakuhitaji tafsiri ndefu. Wilkister aliinamisha kichwa, na Abshiro akajifanya anatafuta chaki.

Walikubaliana kwamba Wilkister aende nalo nyumbani. Alivae humo ndani, akae, ainame, anyooshe mkono juu kama anayeandika ubaoni, na kila panapobana au kulegea atie alama. Chaki alikuwa nazo, nyeupe na za rangi. Nyekundu ingekuwa ya kupunguza, buluu ya kuongeza. Satini ilibaki kwa Abshiro, imekunjwa ndani ya sanduku la bati.

Kabla ya siku ya kurudi, bulla ikafungwa. Askari waliizunguka alfajiri. Wanaume walipelekwa uwanjani kukaguliwa vipande vyao vya utambulisho, na wanawake wakaambiwa wasitoke majumbani, isipokuwa asubuhi kwa muda mfupi wa kuteka maji. Nyumba zilipekuliwa moja moja. Askari aliyeingia kwa Abshiro alifungua sanduku, akaiona ile satini iking'aa, akamtazama mwanamke aliyevaa nyeupe.

"Hii ni ya nani?"

"Mwalimu wa shule. Anaolewa."

Askari aliigusa kwa ncha ya kidole, akafunika sanduku, akatoka. Osob, aliyekuwa amekaa pembeni na Qali mapajani, akapumua.

Siku zikaenda, bulla haikufunguliwa, na harusi ilikuwa inakaribia. Wilkister alisimulia baadaye alivyofanya. Elkanah alimkataza asisogee huko, akasema angemwoa hata kwa gauni la kanisani la kila Jumapili. Wilkister akamjibu kwamba anayeolewa ni yeye. Asubuhi moja alikwenda mpaka kwenye kizuizi, gauni la marekani likiwa ndani ya mfuko wa vitabu. Askari wa zamu alilitoa, akaligeuza nje ndani, akaminya kila mshono kutafuta kilichofichwa.

"Hizi alama za nini?"

Ikambidi Wilkister aeleze, mbele ya wanaume wanne, kwamba hapa kwapa linabana na hapa kifua kimelegea. Mmoja akageuka kuficha kicheko. Yule wa zamu, uso wake ukiwa mzito vilevile, alilikunja gauni na kumpa Batula, jirani wa Abshiro, aliyekuwa anapita na madebe yake ya maji, amfikishie mshonaji. Kuzungumza hakuwaruhusu.

Abshiro alilitandaza mkekani karibu na dirisha. Alama za buluu kwapani zilisomeka vizuri. Lakini chini ya kifua na mgongoni mikono ya askari ilikuwa imezisugua, nyekundu na buluu zimechanganyika kuwa vumbi moja, na hakuweza kujua kama panatakiwa kupunguzwa au kuongezwa. Alikaa akilitazama. Hapakuwa na wa kumwuliza.

Mwishowe aliinuka, akalivaa juu ya nguo zake za eda. Yeye na mwalimu hawakupishana sana kwa umbo. Akanyoosha mkono juu, akausikia mgongo ukivuta. Halafu akamwona Osob mlangoni.

Alishusha mkono haraka, akaanza kulivua. Aliona aibu kama aliyekutwa mbele ya kioo.

"Acha," alisema Osob. "Inua mkono tena."

Abshiro akainua. Mama mkwe akazunguka nyuma yake, akapitisha kiganja kizito katikati ya mabega.

"Hapa. Kitambaa kinalia hapa. Mwachie nafasi ya kupumua." Akaja mbele. "Na hapa chini ya kifua kimezidi. Kunja. Zaidi kidogo. Basi."

Abshiro alichoma pini mahali alipoonyeshwa. Walifanya hivyo asubuhi nzima, huyu akigeuka na yule akibonyeza, bila kuzungumza lolote la nje ya gauni. Walipomaliza, Abshiro alilifumua lote, akapiga pasi vile vipande, akavilaza juu ya satini. Osob alishika ncha moja ya kitambaa kisiteleze. Mkasi ulipoingia, mama mkwe alifumba macho.

Bulla ilifunguliwa siku chache kabla ya harusi, na jioni hiyohiyo Wilkister akafika. Alilivaa gauni la satini polepole, akanyoosha mikono juu, akainama, akajizungusha. Lilimkaa. Shingoni tu liliachia kidogo, na mkono wa kushoto ulikuwa mrefu kupita wa kulia kwa upana wa kucha. Abshiro alitaka kufumua.

"Usiguse, Mama Qali," alisema Wilkister. "Nitavaa bangili juu yake, nani ataona?" Akamshika mikono, akasema angependa sana awepo kanisani.

"Eda haijaisha, mwalimu. Wewe enda na baraka."

Harusi ilifanyika mapema mchana, ili wageni wafike makwao kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Abshiro alibaki ndani. Alisikia vigelegele kwa mbali, na wimbo usio wa lugha yake ukipita upande wa barabara kubwa. Osob alikuwa amemchukua Qali kwenda kuangalia maharusi wakipita, ingawa asubuhi alisema haendi. Waliporudi, Qali alieleza habari za maua na soda. Osob alingoja mtoto amalize.

"Aliinua mikono kuwapungia watu," alisema. "Mgongo haukuvuta."

Abshiro aliitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Dagane angefurahi."

"Dagane angekwambia mkono mmoja ni mrefu."

Hapo Abshiro akacheka. Kicheko kilimtoka bila kutazamia, na katikati yake kikageuka kilio, kilio cha sauti ambacho hakuwa amelia tangu lori la nyuma lilipoleta habari. Osob alimtuma Qali kwa Batula, akaja akakaa mkekani ubavuni mwa mkwewe, bega kwa bega, mpaka kikaisha.

Eda ilipokwisha aliwashiwa ubani, akaoga, akavaa nguo ya rangi ya bizari iliyochaguliwa na mama mkwe wake. Baraza ya duka ilikuwa imeshachukuliwa na mtu mwingine, kwa hiyo alibaki na cherehani yake dirishani, na wanawake wakawa wanamfuata nyumbani: wake wa polisi, mkunga wa hospitali, hata bibi harusi wa Kisomali wa bulla ya jirani aliyetaka blauzi ya ndani. Wilkister aliwaleta wengi wao kabla yeye na Elkanah hawajahamishiwa Kisumu. Wote walivaa marekani kwanza. Wengine walilalamika kwamba ni kupoteza muda. Abshiro hakubishana nao, kwani Osob alikuwa hapo mkekani na tasbihi yake, na mteja akilalamika sana humwambia kwa Kiswahili chake cha maneno matatu: "Mama, geuka nyuma."